Ujumbe Nilioufuta Kwenye Simu ya Baba

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na huandika polepole. Lakini wewe mdogo wangu, unayesomea wazazi wako simu, nina jambo la kukuambia.

Kuna siku moja haijanitoka kichwani. Baba alikuwa amenunua gari la familia, lile la kimo cha juu kidogo, lililotumika Japani. Lilibeba maziwa asubuhi, na Jumapili lilitupeleka kanisani. Kiti cha mbele kilikuwa cha Kogo, nyanya yangu. Kwetu mkubwa hakai nyuma.

Jioni moja Baba alinipa simu. "Soma, msomi wetu."

Ulikuwa ujumbe mrefu wa Kiingereza. Nilielewa kwamba ulihusu gari na kwamba kuna kitu tungefanyiwa bure. Mengine sikuelewa, na niliona haya kusema. Nikamwambia, "Ni matapeli, Baba. Wanasema bure."

"Futa!" akasema, akanipiga bega kwa furaha. Nikafuta.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunaenda harusi Kericho. Tulipita Chepilat kwa Fundi Njoroge, mzee aliyetengeneza magari pale tangu Baba akiwa kijana, aongeze oili. Kogo alikataa kushuka. Alikaa mbele na chupa yake ya chai mapajani.

"Hii gari ilibadilishwa mfuko ya hewa?" fundi akauliza. "Ile inafura mkigonga. Kampuni inaita gari za aina hii zirudi. Kuna zingine zikipasuka zinatoa vipande vya chuma, zinarushia abiria wa mbele. Kubadilisha ni bure. Hamkupata meseji?"

"Hatukupata," Baba akajibu.

"Basi pengine yenu haiko kwa hiyo orodha. Endeni salama."

Baba akashika ufunguo. Kogo akajifunga mkanda, akanitabasamia kwenye kioo. Mdogo wangu, ulimi wangu ulikuwa mzito kama gunia la majani mabichi. Nikisema, mimi si msomi tena. Nikinyamaza, Kogo anaenda hivyo hadi Kericho.

"Baba, ilikuja," nikasema. "Niliifuta. Sikuielewa."

Kogo akageuka polepole.

"Kumbe wiki tatu nimekaa mbele ya bunduki na chai yangu!"

Fundi akacheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka. Fundi alisoma namba ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye chuma cha gari, akapiga simu, akarudi akitikisa kichwa. Gari letu lilikuwamo kwenye orodha, mfuko wa upande wa abiria.

Kogo alishuka mwenyewe, akaja kukaa nyuma karibu nami. Nilingoja anigombeze. Alinishika mkono. "Mimi sijui kusoma hata jina langu," akasema, "na bado unanisalimia kwa heshima. Ulidhani ukisema hapa sijui, nitakupenda kidogo?"

Tulifika harusini kiti cha mbele kikiwa kitupu, watu wakatushangaa. Kiliendelea kuwa kitupu hadi siku gari liliporudi likiwa na mfuko mpya. Siku hiyo Baba alinipa simu tena, kulikuwa na ujumbe mwingine. Nilisoma nusu nikasema, "Hapa sijui, tuulize." Akasema, "Sawa, msomi wetu."

Kwa hivyo, mdogo wangu, usifute usichoelewa. Mpelekee mwalimu, fundi, hata jirani. Kama kwenu kuna gari, chukueni namba ya chesisi muulize kampuni kama linaitwa lirudi, hata kama mlilinunua mkononi mwa mtu, kwa sababu ujumbe unaweza kuwa ulienda kwa mwenyewe wa kwanza. Taa ya mfuko wa hewa ikikataa kuzima, usiifunike na kibandiko.

Mungu awalinde wazee wenu kwenye viti vya mbele, na awape ninyi ujasiri wa kusema hamjui. Kogo bado anakaa mbele na chupa yake.

Nawe ukiwahi kuficha jambo kama hili, niandikie. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu, nitausoma polepole.