Saa Moja Kati ya Dar na Bujumbura

Nikiisimulia hii nacheka, lakini nacheka nimeinamisha uso, maana aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, tena kwa hesabu.

Mjomba wangu, kaka pekee aliyembakia Mama, ambaye mimi sura yake sikuikumbuka, alikuwa anarudi Burundi kwa mara ya kwanza tangu vita. Sisi tulikwisha rudi zamani kutoka kambini Tanzania, yeye akabaki Dar es Salaam, akiogopa kwamba huku hana tena mtu. Kwenye simu alimwambia Mama: "Nikitoka nje nisione mtu wangu, nageuza." Mama akakosa usingizi. Alitoka Muyinga akaja kwangu Magarama, hapa Gitega, akakusanya akina mama wanane wa kwaya, nami nikapewa kazi moja tu: kujua ndege inatua saa ngapi.

Tiketi niliichapisha dukani kwa Mzee Karim, mwagizaji wa vitambaa anayesafiri kila mara. Ilisema inaondoka Dar saa nne asubuhi, inafika Bujumbura saa tano. Sasa mimi (mtu wa vitabu, riwaya moja isiyokwisha na kiburi cha riwaya kumi) nikaona hapo pana kosa, nikapima ramani kwa rula mbele ya wateja, kilomita elfu moja na mia moja na ushee, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikaongeza kupaa na kutua, nikatangaza kwamba safari hiyo ni karibu saa mbili, kwa hiyo itatua saa sita.

"Mwandishi, tiketi iko na saa tano," akasema Mzee Karim. "We enda saa tano."

"Saa tano labda irushwe kwa kombeo, Mzee!"

Duka zima likacheka, na kicheko kile ndicho kilichonimaliza, maana baada ya hapo ningerudije nyuma?

Basi tukaondoka bila haraka, tukafika uwanjani saa sita kasoro robo (nikajisifu kwamba tumewahi), kwaya ikajipanga kuelekea mlangoni, na abiria walipoanza kutoka akina mama wakapasua wimbo, wakamwimbia bwana mmoja mnene tusiyemjua, naye akatupungia mkono kwa adabu.

Nyuma yangu alisimama mzee mwembamba mwenye begi.

"Kijana, mnampokea nani?"

"Mjomba wangu. Ndege yake ya Dar ndiyo inatua."

"Ya Dar imetua saa tano; hawa ni wa ndege nyingine."

"Haiwezekani, mzee wangu, ni zaidi ya kilomita elfu moja," nikaanza kumfundisha, kupaa, kutua, kila kitu.

"Mwanangu, nimeshuka humo mimi. Nimekaa, nimekaa, sasa nilikuwa naenda kuulizia ndege ya kurudi."

Mama akageuka kwa ile sauti. "Musaza wanje! Kaka yangu!" Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Na mimi nimekulia Tanzania! Najua tangu utoto kwamba kule wametutangulia saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji. Umbali niliupata sawasawa; ile saa moja ndiyo iliyonipita, na kidogo impoteze Mjomba.

Tukapanda gari kurudi Gitega. Tulipoanza kupanda milima, Mjomba akavua saa yake ya mkononi, akanigusa bega.

"Hapa kwetu ni saa ngapi?"

Nikamwambia, akarudisha mshale nyuma taratibu, Mama akimtazama vidole.

Tangu siku hiyo mtu akinitajia saa, hata ya harusi ya jirani, namuuliza ni saa ya wapi, na akishanijibu, nanyamaza.