Aikoni Walizosema Nimeiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi na kopo la mafuta ya taa, nikaambiwa nisiguse kitu kingine. Ilikuwa karakana ya taipureta mjini Tabora, nami nilikuwa msichana niliyetoka Sikonge na cheti cha kidato cha nne. Mwenye karakana alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi tuliyemwita Bhai, mtu wa maneno machache na macho makali. Miezi kadhaa baadaye mteja mmoja aliponikuta nimejaa grisi hadi viwikoni akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia, "Unaongea naye." Bhai hakucheka, ila tangu siku hiyo aliacha kusimama nyuma yangu nikifanya kazi. Nayasema haya ili ninyi vijana mjue kwamba ubishi wangu haukuanza uzeeni.

Taipureta zilipokosa wateja nilijifunza kompyuta, nikaajiriwa na ushirika mmoja wa asali na tumbaku. Jina lake nalihifadhi. Nilikaa makao makuu mjini, na kila msimu nilizunguka vituoni, Sikonge na kwingineko, kwa basi na mara nyingine kwa baiskeli ya kuazima. Wakubwa wangu walikuwa wawili: Meneja, mtu mpole aliyechukia kelele, na Mkaguzi wa Mali.

Huyu Mkaguzi alikulia kwenye ghala la magunia na maturubai. Kila kiti, kila ndoo, hata ufagio, ulikuwa na namba yake ya rangi nyeupe. Laptop mpya za vituoni zilipofika, alizipokea kwa utaratibu uleule. Aliwasha kila moja bila kuibandua nailoni yake, akaipiga picha skrini kwa simu, kisha akagusa aikoni moja moja, zile picha ndogo za kufungulia programu, akitamka, "Hii ipo. Hii nayo ipo." Nilidhani anatania.

Laptop zikaenda vituoni. Haukupita muda akanipigia Mwajuma, karani wa Sikonge.

"Shikamoo Mama Kabula."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Hii mashine mliyoniletea inanitesa. Kila nikigusa inaniambia ninunue kinga ya virusi. Bando nililoweka asubuhi limeisha, na sijatuma huko makao makuu uzito wa hata ndoo moja ya asali. Wafugaji nyuki wamejaa nje, wanasema mimi ndiye ninayewachelewesha makusudi."

Nilipanda basi siku iliyofuata. Tatizo nililijua kabla sijafika. Kiwanda kinapouza laptop hujaza ndani programu zake na za marafiki zake: michezo ya majaribio, maduka, kinga ya virusi ya muda mfupi. Hakuna aliyeziomba. Zinajisasisha kimyakimya na kula bando la mtu maskini. Ukiirudisha laptop kwenye hali ya kiwandani hujafanya kitu, kwa sababu kuna sehemu ya diski iliyofichwa inayohifadhi nakala za uchafu wote huo na kuurudisha.

Dawa yake ni kusimika upya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Ninyi mnasema kupiga windo. Kwanza nilinakili kazi zote za Mwajuma kwenye diski ya nje, maana fundi anayefuta kabla ya kunakili hafai hata kukarabati redio. Nilikuwa nimebeba flashi yenye mfumo mtupu, niliopakua kwa wenyewe walioutengeneza. Nikaiwasha laptop kwa flashi hiyo, nikafuta sehemu zote za diski, ile iliyofichwa ikiwemo, nikasimika. Kisha nikaongeza draiva, vijiprogramu vinavyouwezesha mfumo kuelewana na printa na mtandao, zile za lazima tu. Leseni haikupotea. Ufunguo wake umehifadhiwa kwenye ubao mama, ile bodi kuu ndani ya mashine, na laptop ikipata mtandao inajitambua yenyewe. Hakuna wizi hapo wala ujanja.

Mwajuma akaketi, akaanza kuita majina. Wafugaji wakaanza kuondoka na stakabadhi zao, mmoja akaniachia kipande cha sega la asali kwenye jani. Nikaenda vituo vingine, nikafanya vilevile.

Baadaye Mkaguzi alizuru Sikonge, akawasha laptop, akailinganisha na picha ya simuni mwake. Akanipigia simu.

"Hapa palikuwa na vitu mstari mzima. Viko wapi?"

"Nimevifuta, mzee."

"Umemuuzia nani?"

Nilicheka. Nilikosea kucheka, kwa kuwa mwenzangu hakuwa na mzaha hata kidogo. Kwake, mali iliyopokelewa na sasa haionekani imeibiwa.

Meneja akaniita ofisini. Akafunga mlango.

"Mama Kabula, mimi najua hujaiba. Lakini Mkaguzi keshalifikisha kwa bodi. Rudisha hizo programu, halafu simama kwenye kikao cha wafanyakazi useme umekosa. Tutakusamehe, umalize muda wako tukuage kwa heshima."

Muda wenyewe hadi kustaafu ulikuwa umebaki kidogo sana. Hasira ilinipanda.

"Kama unajua sijaiba, simama wewe ukaseme."

Akatazama dirishani.

Kwenye kikao nilivaa gauni langu zuri kuliko yote. Nikasimama, nikasema, "Nimezifuta kwa mikono yangu hii, nazo hazikuwa mali ya mtu yeyote humu. Mkinipa laptop nyingine kesho, nitafuta tena." Nikakaa. Wapo waliotabasamu wakiwa wameinamisha vichwa.

Nilistaafishwa kabla ya wakati. Kwetu mstaafu huagwa kwa pilau na kitenge, wenzake wakimwimbia hadi getini. Mimi nilitoka na mkoba na bisibisi zangu. Iliniuma, nisiwadanganye, na bado inauma nikipita karibu na lango lile. Fundi mwingine alilipwa arudishe kila kitu. Mwajuma akarudi kwenye kugombana na mashine, na wafugaji wakarudi kwenye jua.

Sasa nipo nyumbani Gongoni, papa hapa Tabora. Majirani huniletea laptop zao, na kila mmoja namuuliza kwanza: humu ndani wewe umeweka nini? Ambacho hakukiweka wala hakihitaji, nakiondoa, tena mbele ya macho yake, ili ajue siku nyingine afanye mwenyewe. Kitu ulichokinunua ni chako, usiombe ruhusa ya kukisafisha.

Juzi nilikutana na Meneja msibani. Naye kastaafu. Akavuta kiti karibu yangu.

"Mama Kabula, lilikuwa neno moja tu. Ungesema umekosa, ungeagwa vizuri kama mimi. Mimi walinipa godoro, na bodi nzima ikahutubia."

"Siku hiyo ya kuagwa, uliwaambia kwamba sikuiba?"

"Haikuwa siku yake, mama."

"Na kwenye hilo godoro, usingizi unakuja?"

Akainuka, akakirudisha kiti chake alikokitoa.