Kijiko cha Clotilde

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida tulikula mihogo na chai. Mke wangu Clotilde alinicheka kwa sababu nilivaa shati ndani nje. Akafunga kijiko chake kidogo kwenye ncha ya kitenge, akaenda kuzungukia nyumba zenye watoto wagonjwa. Kesho yake hakuamka.

Kijiko kile alikipata wakati wa vita vya Kongo, 1999. Watu wa Malemba-Nkulu walikimbilia kwetu Kamina, watoto wao wakaharisha sana. Infirmier Nicodème, muuguzi wetu, akaita mama wawili wa kila mtaa, awafundishe kutengeneza dawa ya kuhara nyumbani. Clotilde aliitaka kazi ile kuliko nguo mpya. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amekufa kwa kuhara. Hatukujua cha kumnywesha.

Nilimsindikiza hadi zahanati, nikabaki dirishani.

"Mama, unajua kusoma?" Nicodème akauliza.

"Hapana, docta."

"Basi kaa pale, sikiliza tu. Kazi iko ya wenye kusoma."

Akakaa.

Nicodème akasoma karatasi: litre moja ya maji, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akapima kwa kijiko kikubwa cha supu. Alichagua hicho kwa kuwa sisi watu wa reli hatukuwa na kingine nyumbani. Lakini karatasi ilitaka kijiko cha chai.

Mama Lucienne akaonja kwanza. Akakunja uso, akatema mpaka kwenye kiatu cha docta. Mama wote wakacheka. Clotilde akacheka hadi machozi. Akayafuta kwa kidole, akalamba kidole. Kisha akaonja maji.

"Docta, chumvi yako inapita ya machozi. Hii itaua mutoto."

"Mama, karatasi njo inasema hivi!"

"Karatasi iko na ulimi?"

Nicodème akaonja mwenyewe. Akatazama kijiko. Akatazama karatasi. Halafu akacheka kuwashinda wote, akatuma kijiko cha chai kitafutwe kwa padri. Kilipofika, akampa Clotilde.

"Mama Clotilde, weye njo utafundisha benzako kuonja. Kazi iko yako."

Akaifanya mpaka asubuhi ile ya mihogo. Hata waliosoma walimwita awaonjee.

Siku ile ya mafunzo tulirudi nyumbani kwa kufuata reli, yeye mbele, kijiko mkononi, akiimba. Nikamwuliza nani alimfundisha ile ya machozi.

Akasema: "Tata, tulilia mingi juu ya mutoto wetu. Ile machozi, leo imepata kazi."