Ndama Katika Banda la Kuku la Nzembi

Kuku wa mwisho walipouzwa, Nzembi hakulibomoa banda. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake pale Komarock, refu, mabati yake bado mazima, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelijua kila msumari. Akanunua ndama wawili wa kike kutoka Kangundo, akaligawa banda vyumba viwili kwa mbao, akatundika ndoo, akaridhika. Maziwa hayakosi mnunuzi mtaani, aliwaambia wenzake wa kanisani.

Jirani yake Mureithi, fundi wa kuchomelea mageti, alikuja kufunga komeo. Alipochungulia ndani, aliona magunia yameshonwa kwenye wavu kuanzia chini hadi paani, na sakafuni ile ile randa ya mbao waliyokuwa wakilalia kuku, nene kama godoro.

"Mama Kavinya, na hita umewawekea?" alimtania Nzembi.

"Wewe chomelea. Kulea niachie mimi."

Na kulea alikujua. Kifaranga akipigwa na baridi usiku mmoja tu, asubuhi unamkuta amekauka. Ndiyo maana alikuwa ameziba kila tundu. Randa kuukuu nayo ina joto lake, hangeitupa bure.

Wiki ya pili ndama mdogo akaanza kukohoa. Macho yakawa yanachuruzika, maziwa akayaacha. Daktari wa mifugo alimdunga sindano, lakini akasema wazi kwamba kinachomuumiza kimo humo humo bandani, na kisipoondolewa upesi ndama huyo hataiona wiki nyingine. Nzembi akawa anaingia mara kwa mara, anasimama katikati, ananusa. Hakusikia kitu. Akaongeza gunia.

Kesho yake ndama hakuweza kuinuka. Ikabidi Nzembi apige magoti amnyweshe. Uso wake ulipofika usawa wa pua ya mnyama, macho yakamwasha na koo likambana. Mkojo ulikuwa umeilowesha ile randa yenye mavi ya kuku, na ukali wake ulikuwa umetanda huko chini. Alitoka nje akikohoa hadi Mureithi akaja mbio kuuliza kulikoni.

"Vifaranga nilikuwa nachuchumaa kila asubuhi nipime hewa yao," alisema akipangusa macho. "Hawa nikawaona wakubwa, nikasimama."

"Sasa tulibomoe?"

"Tubomoe nini? Lete sepetu."

Waliwatoa ndama juani, wakachota randa yote mpaka wakafikia udongo mweusi. Wakamwaga kokoto, wakatandika nyasi kavu. Magunia Nzembi aliyakata mwenyewe kwa kisu, akaacha ya chini tu, ili upepo upite juu ya migongo yao bila kuwapiga wakilala. Mureithi alitaka kumtania tena kuhusu hita, akamtazama, akainama kuokota magunia yaliyokatwa.

Siku ya nne ndama mdogo alisimama mwenyewe, akamaliza maziwa, akaanza kumsukuma Nzembi kwa kichwa akidai mengine. Nzembi alimwacha asukume. Kisha akamwita Mureithi aje apime mbao za chumba cha tatu.