Mstari wa Kivulini

Katika kumbukumbu ninazoandika, nilieleza jinsi mama yangu alivyoipinga serikali peke yake, mchana kweupe, hapa Kawangware. Ukurasa huo niliuonea fahari kupita kiasi.

Ilikuwa enzi ya kura ya mlolongo: hakuna karatasi wala sanduku, unasimama nyuma ya picha ya unayemtaka, na kila jirani anakuona. Mwenye ploti tuliyopanga ndiye aliyeshika picha ya mgombea tuliyeamini ni wa serikali, na alishatuonya wapangaji kwamba atakayesimama kwingine atafute nyumba kwingine. Baba akapanga foleni, nami nyuma yake. Mstari ulitoka nje ya geti la shule ukashika barabara ya Riruta, na jua likatuchoma visogo.

Mama akaenda zake kwa mpinzani. Huko walikuwa watu kumi na mmoja tu, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, wamepoa kama maji ya mtungini.

"Mama, nimekuona!" mwenye ploti akafoka. "Mwisho wa mwezi unahama!"

Baba alijifanya hamjui. Mimi nilianza kuhesabu siku za mwezi zilizobaki, maana chumba kile kimoja, japo kilivuja, ndicho pekee tulichokuwa nacho Nairobi.

Jioni msimamizi akatangaza mshindi: mgombea wa kivulini, tena kwa kura nyingi mno! Tulitazamana, hakuna aliyethubutu kucheka.

Asubuhi mwenye ploti alibisha hodi na sukari kilo mbili mkononi, mpole ajabu. Mpanda ngazi hushuka.

"Mama, watu wa mshindi wakiuliza, si uliniona nimesimama na nyinyi hapo kwa kivuli?"

"Mzee, mimi mvua ikinyesha huwa sikumbuki kitu. Maji inaniingia kwa macho kutoka kwa hiyo paa yako."

Kufikia Jumamosi tulikuwa na mabati mapya.

Juzi nilimsomea mama ukurasa wake. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nipinge nani? Miguu ilikuwa imenifura na jua ni kali. Nilifuata kivuli."

"Basi niandike hivyo?"

Kicheko kikaisha.

"Andika. Na uandike wale wa kwa jua ndio walishinda. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu paa ilikuwa imeacha kuvuja."