Kichwani Hamna Kitu

Tuliokwenda tulikuwa wanne. Mimi mwenye kichwa. Mume wangu, marehemu sasa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tumetaniana tangu nilipoolewa. Na binti yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, ndiye aliyetusomea vibao. Majina yote ninayo, hata la kondakta wa basi, ila wengine wana wajukuu wanaosoma, nayaacha.

Kichwa kiliniuma upande mmoja. Kwanza vimulimuli mbele ya jicho, halafu kugonga, halafu kutapika. Jirani akitwanga uwele, kila mchi ukishuka naona umenishukia mimi. Najifunga kipande cha kanga, nakaza, nalala gizani. Mama yangu naye alikuwa akijifunga hivyohivyo, na siku moja hakuamka. Hilo ndilo lililoninyima raha. Nikipepeta nawaza, nikichambua mlenda nawaza: huyu wa mwisho bado ananyonya, nikienda kama mama, atabaki na nani?

Daktari wa serikali, mtu mzima mwenye subira, aliniuliza mengi. Kilianza lini, mwanga unaniudhi, mikono ina nguvu. Akanimulika machoni, akanitembeza mstari ulionyooka. Akasema, "Mama, hiki ni kipandauso. Hakihitaji picha."

Mume wangu hakuridhika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imefika mpaka kijijini Mkiwa, hospitali za watu binafsi zinafunguliwa, na kitu kisicholipiwa watu hawakukiamini tena. "Ameona nini kwa tochi?" akasema. "Iko mashine inaona mpaka ndani ya ubongo." Alizeti ya mwaka ule ikageuka nauli, tukaenda mji wa mbali wenye mashine hiyo.

Njiani sikutulia. Wifi akaniambia, "We wifi, kaa. Utatoboa kiti cha watu."

Walinilaza kwenye kitanda kinachotembea chenyewe, kichwa kikaingia kwenye tundu kama kinu kilicholazwa. Kijana wa mashine akasema nisitikisike. Nisitikisike vipi, nami sijatulia tangu mavuno? Nikafumba macho, nikamwona mama na kanga yake kichwani.

Baadaye daktari wa pale akatuita wote. Akainua picha kwenye mwanga. Kichwa changu kimekatwakatwa vipande kama kitunguu. Akasema, "Kichwani hakuna kitu."

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. "Daktari, hilo mimi nililijua siku ya mahari. Mngeniuliza, tungebaki na alizeti yetu."

Mume wangu akacheka, binti akaficha uso. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Sasa kinachoniuma ni nini?"

"Kipandauso, mama."

"Aliyesema hivyo kule kwetu hakuwa na mashine."

"Alisema kweli. Picha inaonyesha uvimbe, inaonyesha damu iliyovuja. Maumivu yenyewe hayana sura."

Tulirudi. Kabla basi halijafika Ikungi vimulimuli vikaanza, nikatapika dirishani. Majirani wakaja kutazama picha, wakaielekeza kwenye jua, kila mmoja akaona la kwake. Wifi akawa ananisalimu, "Habari za kichwani?" Nami sharti nijibu, "Hamna kitu." Mpaka leo salamu yetu ni hiyo. Yule aliyekuwa akinyonya sasa ana watoto, na mimi bado nipo. Lakini kila kikigonga, naitoa ile picha chini ya godoro na kuitazama upya.

Sasa wifi anashikilia kwamba daktari alisema "hakuna kitu kibaya." Mimi hilo "kibaya" sikulisikia. Lingeniletea usingizi miaka yote hii. Binti anasema hakumbuki. Nawe unayesoma, kama ulikuwa kwenye benchi pale nje, mlango ulikuwa wazi: kama alilisema, niambie, nisahihishe kabla sijafa na neno pungufu.