Jumamosi Niliyowafundisha Wazazi Kiingereza

Chekeni tu, maana aibu hii wanakijiji wote wa Maji ya Chai wanaijua na mimi sina tena pa kuificha. Nauza misumari na rangi za nyumba, Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya makopo, lakini mwanangu Neema nimempeleka shule ya binafsi ambako Kiswahili ni marufuku kuanzia getini, hata mlinzi anakusalimia "gudi moningi" huku ameshika rungu. Yaani tunalipa ili mtoto atuzidi, halafu akishatuzidi tunaona haya.

Basi shule ikaona watoto wanakwama na kazi za nyumbani kwa sababu wazazi hatuwezi kuwasaidia, ikaanzisha darasa la bure la wazazi kila Jumamosi asubuhi. Mke wangu nikamdanganya kwamba nafuata mzigo mjini (yeye akasema anaenda sokoni Tengeru, nikashukuru), nikaenda kujiandikisha. Mezani palikuwa na karatasi mbili: wazazi wanaohitaji msaada, na wazazi watakaowasaidia wenzao. Kalamu ilishagusa ile ya kwanza, nikageuka, nyuma yangu amesimama Baba Glory, mwenzangu wa kwaya, yule ambaye hata maji ya kunywa huyaomba kwa Kiingereza. Nikahamisha kalamu. Umbali wa shibiri moja tu, jamani.

Nilidhani nitapigiwa simu siku nyingine, nisingizie mgongo. Kumbe wasaidizi tulikuwa wawili, Baba Glory akapelekwa chumba cha hesabu, mimi nikapewa chaki na kitabu cha darasa la pili, nikasogezwa (kwa heshima zote) mbele ya wazazi kama ishirini. Mstari wa tatu, ameinamia daftari jipya, alikuwa mke wangu.

Tukatazamana. Sikuona pa kutokea, nikafungua kitabu penye picha ya mama, mkate na kisu, nikasoma: "Maza kati ze bredi wizi a kinaifu." Nikawaambia warudie, wakarudia.

Bibi mmoja wa Nkoaranga, anayelea mjukuu, akanyoosha mkono. Nikamwamkia shikamoo kwanza, ili nipate muda wa kufikiri.

"Marahaba. Samahani mwalimu, mjukuu wangu husema naifu. Hiyo K haitaji."

Nikamweleza kwamba watoto wa siku hizi wana haraka, wanameza herufi. Akashukuru, akaandika, na wengine wote wakaandika. Hapo ningeweza kusimama nikakiri, lakini ualimu ulikuwa umeshanipanda kichwani, nikawaamuru waseme kwa sauti, kinaifu, tena, kinaifu, mpaka madirisha yakatetemeka, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mke wangu.

Mwalimu mkuu akatokea mlangoni, na nyuma yake watoto waliokuwa shuleni kwa masomo ya ziada, wameletwa kusikiliza wazazi wao wakisoma. Darasa likanyamaza. Neema akaja mpaka mezani, akaninong'oneza, ila kwa ukimya ule kila mtu alisikia.

"Baba, K haitamkwi. Hata mimi nilikosea mwanzoni."

Alisema kwa Kiswahili, ndani ya geti lao, na mwalimu mkuu akajifanya anatazama bustani. Afadhali angenifukuza.

Njiani nikamuuliza mke wangu kwa nini alipiga kelele vile huku akijua nimekosea.

"Sikujua kama umekosea," akasema. "Nilijua tu unaogopa."

Jumamosi iliyofuata nilijiandikisha kwenye karatasi inayonihusu, Baba Glory akiwa palepale ananiangalia, nikaenda kujibana na mke wangu kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, na yule bibi mbele yetu bado ananiita mwalimu (sijui ni heshima au ananikomoa). Chaki sitaishika tena mbele za watu, hilo nimeapa. Na mke wangu simdanganyi tena ninakokwenda Jumamosi, kwa sababu tunakwenda wote, tunachelewa wote, na darasani tunagombania raba moja ya kufutia.